Aliyempokonya Antonio Mtoto

Saa moja asubuhi ya sikukuu yake, mtunza kanisa alifungua mlango akakuta sanamu ya Mtakatifu Antonio imeelekezwa ukutani kama mwanafunzi mtukutu, mikono mitupu. Mtoto Yesu, aliyebebwa mikononi humo tangu mababu walipohama kutoka Calabria, Italia, hakuwapo. Mlango haukuwa umevunjwa. Cheni za dhahabu zilikuwa bado shingoni mwa sanamu, na miguuni pake uliwaka mshumaa mpya.

Habari zilienea Federal Hill, mtaa wa Waitaliano pale Providence, Marekani, kabla mikate haijapoa. Maandamano ya kumtembeza mtakatifu mitaani yalikuwa saa sita. Antonio bila Mtoto hatoki, na asipotoka, wazee walisema, mtaa umekwisha; nusu ya vijana wameshahamia kwenye nyumba zenye bustani. Vibanda vyote vilifunguliwa isipokuwa kile cha maandazi cha Bibi Assunta, mvalishaji wa sanamu.

Inspekta Ornella Bevilacqua, mzaliwa wa hapo, alikuta vijana wameshampata mwizi wao: Gaspare, muuza vitu vya kale, wamemzingira dukani. Gaspare alijitetea kwa dharau kwamba yeye angeiba dhahabu, si kitoto cha plasta chenye pua iliyomeguka. Wakamgeukia Nunzio kinyozi, anayelalamika kila mwaka kwamba Antonio anadekezwa. Lakini Nunzio alikuwa akikaanga soseji tangu alfajiri mbele ya nusu ya mtaa.

Ornella alirudi kanisani akautazama mgongo wa mtakatifu. Mwizi haachi dhahabu, wala hawashi mshumaa. Akamkumbuka nyanya yake, aliyekuwa akimnyang'anya Antonio mdogo wa kabatini nyumbani Mtoto wake na kumgeuza ukutani mpaka ajibu ombi. Huyu amethubutu kumfanyia hivyo Antonio mkubwa wa kanisani. Basi shida yake nayo ni kubwa, na ufunguo wa kanisa anao. Mvalishaji wa sanamu anao, na kibanda chake leo hakijafunguliwa.

Saa tano na nusu alimkuta Bibi Assunta jikoni, kando ya simu, amepakata kitu ndani ya blanketi.

"Bibi, umemteka nyara Bwana Yesu."

"Nimemshikilia tu. Kala vizuri, kalala vizuri."

"Gaspare yuko karibu kupigwa."

"Apigwe kidogo. Aliniuzia saa mbovu."

Kisha akaitazama simu, akaeleza. Binti yake Mirella alikuwa chumba cha uzazi hospitalini tangu jana. Mimba mbili zilikwisha kuharibika, na leo madaktari wameacha kutabasamu.

"Nimemwambia Antonio: ukimtaka wako, nipe wangu."

Sheria ilimtaka Ornella anyooshe mkono amchukue Mtoto. Badala yake alipiga simu fupi kituoni, akaagiza Gaspare aachwe na mtaa uambiwe kwamba mazungumzo yanaendelea. Akavua kofia, akaketi.

Simu ililia saa sita ikikaribia. Bibi hakutaka kumwachia Mtoto, hivyo Ornella ndiye aliyepokea. Kwanza alisikia kilio cha kitoto chenye hasira zake zote, halafu mume wa Mirella akilia zaidi yake: mama mzima, mtoto mzima.

Bibi Assunta alifuta macho kwa aproni, akaibusu ile pua iliyomeguka, akamkabidhi Ornella blanketi.

"Mrudishie. Na mwambie angenisikiliza jana, tusingefikishana huku."