Muzee Sikuli Hakulishwa Sumu

Enyi majirani, tusikilizane kidogo. Jambo hili halikutokea mbali. Lilitokea hapa kwetu Himbi, mjini Goma, na wengi wetu tulikuwa pale tukitikisa vichwa.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka ule ambao mabomu yalilia upande wa Sake na watu wakamiminika Goma na magodoro vichwani. Nyumbani kwa jirani yetu Kahindo kulikuwa kumetulia. Baba yake, Muzee Sikuli, mfanyabiashara wa zamani kutoka Butembo, alikuwa ametoka misa na kuketi uani. Mama Perpétue, aliyekimbia vita Masisi na kupewa chumba cha nyuma pamoja na watoto wake wawili, alimletea kikombe cha uji wa mtama. Muzee alikunywa, akamtania kwamba watu wa Masisi hawajui kipimo cha sukari, wakacheka.

Nusu saa haikupita, muzee akashika kifua. Jasho lilimtoka kama aliyenyeshewa.

"Kahindo," alisema, "kifua inanifinya. Na mukono huu iko nauma, mupaka ku taya."

Sasa niwaambie alichokijua Kahindo. Kwa wiki mbili baba yake alikuwa akisimama katikati ya mlima akipanda kutoka ziwani, mkono kifuani, akingoja maumivu yapite. Tena alikuwa ameacha dawa zake za tension, yaani presha, eti anajisikia vizuri. Kahindo aliyaona yote mawili akasema moyoni, ni uzee tu. Siku ile macho yake hayakwenda kwenye dawa zilizoachwa. Yalikwenda kwenye kikombe.

"Karuho!" alipiga kelele, akiitaja ile sumu tunayoiogopa kuliko risasi. "Perpétue, umemukunywesha baba yangu nini?"

"Kahindo, ile uji hata watoto yangu walikunywa. Hii si sumu. Tumupeleke lopitali sasa hivi! Mama yangu alikufaga hivi hivi, ku mikono yangu..."

"Nyamaza, mulozi! Unataka wamupige sindano afe? Mutu wa karuho hapigwake sindano!"

Nasi majirani tukaitikia: ndiyo, sindano huiamsha sumu. Nani alitufundisha hayo? Hakuna anayejua, ila kila mtu ana uhakika.

Hospitali ilikuwa dakika kumi kwa pikipiki. Kahindo alimpakia baba yake kwenye teksi iliyokwenda upande mwingine, kupita Mugunga, kwa mganga anayetapisha watu. Barabara ilifurika waliokimbia Sake, gari likawa linatambaa. Muzee aliuliza mara mbili, "Binti yangu, lopitali iko mbali hivi?" Kahindo alimhimiza dereva aongeze mwendo.

Mganga alimnywesha maji ya majani. Muzee alitapika mpaka akaishiwa nguvu, kisha mganga akaonyesha kitu cheusi ndani ya beseni, akasema ndiyo karuho yenyewe. Lakini muzee hakupata nafuu, ndipo Kahindo akakubali kumrudisha mjini. Walipofika hospitali, jua lilikuwa linazama.

Daktari hakumkaripia Kahindo. Afadhali angemkaripia.

"Moyo nao unakula, mama," alisema. "Unalishwa na mishipa midogo. Mumoja umeziba, damu haipite tangu asubuhi. Nyama ya moyo ikikosa damu saa nyingi inakufa, na haifufuke. Mungekuja mapema, tungeokoa sehemu kubwa."

"Na sumu, dokta?"

"Hakuna sumu."

Muzee alirudi nyumbani, lakini hakuwa yule tena. Alilala akiwa ameketi, miguu imevimba, na kwenda chooni tu kulimkatisha pumzi. Kila siku aliuliza, "Perpétue iko wapi? Munileteye, nimuombe musamaha." Lakini Perpétue tulikuwa tumemfukuza Jumapili ile ile, tukimrushia matope.

Kahindo alimtafuta wiki tatu, akamkuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya akifunga turubai juu ya mawe ya volkano. Alipiga magoti pale pale.

"Nimekusamehe, mama," Perpétue alisema, bila kuiachia kamba. "Muzee nitamuombea. Lakini ku ile nyumba sirudi. Watoto yangu walisikia vile munaniita mulozi."

Muzee Sikuli alifariki mwezi wa sita, akiwa bado anamngoja. Kahindo analia mpaka leo. Halii kwa sababu ya kifo tu, maana wazee hufa. Analia kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka baba yake kwa mganga, akiipa hospitali kisogo.

Mafunzo

Majuto ni mjukuu, ndugu zangu. Mzee akibanwa kifua, jasho likamtoka, maumivu yakapanda mkononi au tayani, msimtafute mchawi. Kimbieni hospitali, kila dakika ni kipande cha moyo. Akilalamika akipanda mlima, msiseme ni uzee. Dawa ya tension haiachwi kwa kujisikia vizuri. Dawa yenyewe ndiyo inayomfanya ajisikie hivyo.

Na zaidi ya hayo: wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ua ule mtu mmoja tu aliujua ugonjwa wa muzee, naye ndiye tuliyemfukuza.