Ukianguka, Bonyeza

Siku ya Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, maduka ya simu ya Isiolo hujaa hadi mlangoni. Huyu anataka chaja, yule kioo kimepasuka, mwingine hana shida yoyote, amefuata feni tu. Katikati ya msukumano huo alisimama Sahra, binti wa mwenye malori, amevaa baibui jeusi lenye nakshi mikononi na mtandio wa zambarau, vidole vina hina iliyofifia, hina ya harusi ya watu wengine. Alikuwa akijaribu hedfoni.

"Ongea kidogo, dada, tuone kama maiki inashika," akasema muuzaji.

Sahra akatafuta la kusema, akakosa. Akasema lile analolisema kila siku.

"Kikosi, mnanisikia?"

"Tunakusikia, kamanda!" sauti ya mwanamume ikajibu nyuma yake.

Duka zima likageuka. Aliyejibu alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni, ananukia maziwa ya ngamia. Kwa jinsi alivyojishika mdomo, ilionekana yeye ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

"Umesema nini?" Sahra akauliza.

"Wallahi sijui, mdomo umejibu wenyewe." Akamtazama vizuri. "Lakini ni wewe. Kikosi cha Sita. Sauti hiyo haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Mimi ni Dakta."

"Dakta yupi?"

"Kwani uko na wangapi? Yule umemnyima wagonjwa miezi minne!"

"Nilidhani uko Garissa."

"Na mimi nilidhani wewe ni mama wa miaka hamsini, umestaafu jeshi, unakaa Nakuru na mbwa watatu."

Muuzaji alicheka mpaka chaja ikamponyoka. Sahra hakucheka. Ila aliona kwamba jambo lile linachekesha, na hata hilo lilikuwa halijamtokea siku nyingi.

Kijana huyo aliitwa Abdiladif, fundi wa matangi ya kupozea maziwa, na nyumba yake ilikuwa Kiwanjani, mwendo wa robo saa tu kutoka ofisi ya kina Sahra. Miezi minne walikuwa wamepigana vita bega kwa bega, kila mmoja akidhani mwenzake yuko mbali huko. Ndiyo mambo ya mtandao.

Sasa ngoja niwaeleze hili la wagonjwa. Sahra alikuwa anaongoza kikosi cha askari wa miguu katika gemu ya vita inayochezwa na watu wa kila mahali, kwenye kompyuta ya ofisi, kati ya alasiri na magharibi, malori yakishaondoka. Watu tisa chini ya sauti yake. Kwenye gemu hiyo mtu akipigwa risasi hafi papo hapo. Analala chini, skrini inafifia, anapewa dakika tatu. Akifikiwa na daktari wa kikosi, au na mwenzake yeyote mwenye bendeji, anainuka. Akichoka kungoja, anabonyeza kitufe, anakufa, anaanza upya kambini. Vikosi vingine hungojana. Cha Sahra, hapana. Sheria yake ilikuwa moja: ukianguka, bonyeza. Hakuna kungoja mtu. Walikuwa wanashinda, kwa hiyo hakuna aliyebisha, isipokuwa yule daktari aliyetembea na mkoba wa dawa bila kazi.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Miaka miwili nyuma, lori la babake lilipinduka kwenye barabara ya Modogashe, siku ya mvua. Ndani alikuwa Guleid, kaka yake, miguu imebanwa na chuma, simu mkononi inafanya kazi. Sahra ndiye anayepanga safari za malori, kwa hiyo simu ilimjia yeye. Alikaa naye kwenye laini tangu alasiri, akimwambia kwa sauti tulivu: ngoja, wanakuja, wako njiani. Na kweli waokoaji walikuwa njiani, lakini laga, ule mkondo unaokauka kiangazi, lilijaa maji, magari yakashindwa kuvuka. "Nangoja, abaayo," Guleid alikuwa akijibu, abaayo ndiyo dada kwa Kisomali. Alijibu hivyo mara nyingi, halafu akaacha kujibu.

Watu waliokuja kuwapa pole walimsifu Sahra kwa utulivu wake. Masikini, hawakujua. Utulivu ule uliingia ukakataa kutoka. Tangu siku hiyo chakula kilikuwa chakula tu, Idi ilikuwa siku tu. Hata kilio hakikuja. Akaona kwenye gemu sauti yake ile inafaa kitu, akabaki huko.

Basi Abdiladif akaanza kupiga simu.

"Kamanda wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Sahra anafikiri. "Sikumbuki."

"Haki ya Mungu, wewe ndiye mtu wa kwanza kusahau pilau akiwa bado na mchele mdomoni. Nikuletee maziwa?"

"Lete."

Analeta. Anasimama mlangoni pa ofisi na kibuyu chake cha plastiki, anasalimia babake Sahra kwa adabu, anaulizia malori, anaondoka. Akifika kona tu, simu inalia tena.

"Macaanto," anaanza, na neno hilo la Kisomali, mtamu wangu, analitamka kama mtu anayeogopa kulivunja, "leo ulikuwa umevaa ile kijani. Ni mimi unanivalia ama ni wateja?"

"Ilikuwa ndiyo safi."

"Nitasema ni mimi. Usinikatize."

Ilienda hivyo miezi mitatu. Sahra alipokea kila simu. Hakuwahi kuipiga yeye, lakini saa nane ikipita bila simu aliangalia saa. Hakujiuliza kwa nini.

Siku ya Jumatano Abdiladif akapiga bila utani.

"Sahra, nitume wazee kwa babako?"

Sahra alikuwa na kalamu mkononi na orodha ya mizigo ya Marsabit mbele yake. "Sawa," akasema.

"Sawa gani? Sawa ya nakutaka, ama sawa ya lori limefika?"

"Sijui, Abdiladif. Sawa tu."

Akasikia pumzi yake upande wa pili. "Sikiliza. Mamangu amepata msichana Kulamawe, binti ya rafiki yake. Ameshaongea na wajomba, wanataka kwenda Jumapili. Mimi nimewazuia kwa sababu yako. Wakishaenda huko na kukubaliwa, siwezi kurudi nyuma, ni aibu ya watu wawili. Kwa hiyo niambie. Unanitaka?"

Hapo mtu mwingine angelia, angetukana, angesema uende na huyo wa Kulamawe tuone. Sahra alijipekua moyoni, akapapasa huku na huku, hakukuta kitu. Akawaza: huyu ni mtu mzuri. Anastahili mke ambaye simu ikilia anaruka. Mimi nitampa nini?

"Waambie waende," akasema.

"Nimekuelewa, kamanda," akajibu Abdiladif, akakata.

Mtu akikujibu hivyo baada ya macaanto za miezi mitatu, jua umemuumiza. Na Sahra? Alimaliza orodha yake na hakukosea hata mstari mmoja. Mungu amsamehe, hata chai alikunywa.

Jumamosi, saa kumi, ilikuwa mechi kubwa. Abdiladif aliingia, kwa sababu alikuwa amewaahidi wenzake. Hakumsalimia mtu. Kikosi kilipewa kazi ya kushika kinu cha unga kilichobomoka kando ya mji, na wasikiachie mpaka saa ya mechi iishe.

"Kikosi, mnanisikia?" Sahra akaanza. "Mwongera, rashasha juu, dirisha la kushoto. Usipige mpaka niseme. Ewoi, ukuta mweupe, tazama barabara. Wengine laleni ndani. Dakta, nyuma yangu."

"Sawa, boss," akajibu Mwongera kutoka Maua, mdomo umejaa miraa kama kawaida yake.

"Nimekuelewa, kamanda," akasema Dakta.

Wakaja. Ewoi akaita, "Ukutani watatu! La, watano!" Sahra akangoja. Akangoja tena. "Mwongera, sasa." Rashasha ikanguruma, watu wakaanguka barabarani, moshi ukatanda. Sahra alikuwa anasogeza watu wake kama mtu anayepanga magunia: wewe hapa, wewe pale, rudi, lala, subiri. Mapigo ya moyo hayakubadilika. Mtu wa kwanza akaanguka, akabonyeza. Wa pili akabonyeza. Zilibaki dakika nne, na kinu kilikuwa bado chao.

Halafu Dakta akatoka nje. Hakuna aliyemtuma. Ewoi alikuwa ameanguka kwenye ukuta mweupe na Abdiladif akamkimbilia na mkoba wake. Risasi ikampata katikati ya barabara, akalala karibu na kisima.

"Mimi nimebonyeza," akasema Ewoi.

"Dakta, bonyeza," akasema Sahra.

"Sibonyezi."

"Ni amri. Rudi kambini, tunakuhitaji."

"Miezi saba nimefuata amri zako, kamanda. Leo nimechoka. Mimi nangoja."

"Dakta."

"Nangoja, Sahra."

Hakujua. Hakuwahi kuambiwa habari ya simu ile ya siku ya mvua, kwa hiyo msimlaumu. Lakini neno lilipoingia kwenye hedfoni, sikio lile lile, saa ile ile ya alasiri, Sahra alimsikia Guleid. Akatazama skrini: dakika moja na sekunde kumi. Kutoka kinuni hadi kisimani ni mwendo wa kukimbia dakika nzima.

"Boss, unaenda wapi?" Mwongera akapiga kelele. "Boss! Kinu kiko wazi! Nani ameshika mlango?"

Sahra hakujibu. Alikuwa anakimbia. Akarusha bomu la moshi, akapita ukuta mweupe, akapigwa begani, skrini ikawa nyekundu, akaendelea. Akafika, akapiga magoti, akatoa bendeji.

Saa ya Abdiladif ikaisha. Mwili ukatoweka mikononi mwake, ikabaki barabara.

Kinu kilichukuliwa nyuma yake. Mechi imekwisha, wameshindwa, wenzake wanabishana kwa lugha tatu. Sahra alivua hedfoni akaiweka mezani. Akakosea namba ya kufungulia simu mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akapiga yeye.

"Halo?" Abdiladif alikuwa anacheka. "Kamanda, umetuuza! Mwongera anataka kukushtaki. Umekimbia na..."

"Mbona hukubonyeza?" Sahra akapayuka. "Nilikwambia bonyeza! Mbona unangoja? Nani alikwambia ungoje? Unajua mtu akingoja inakuwaje? Unajua wewe?"

"Sahra. Sahra! Ni gemu. Mimi niko hapa nyumbani, nimekaa kwa kiti."

"Nimechelewa! Nilikuwa nimefika na nimechelewa!"

Kicheko kikakatika. "Usikate," akasema taratibu. "Nakuja."

Pikipiki yake ilifika kabla ya adhana ya magharibi. Alimkuta amekaa sakafuni nyuma ya meza, mlango wazi, mtandio umeteremka mabegani. Abdiladif akakaa kizingitini, mbali naye kama ilivyo heshima, akangoja. Sahra akamweleza yote: lori, mvua, laga, simu. Alieleza vibaya, akirudia rudia, sauti inakatika.

"Sikujua," akasema Abdiladif. "Wallahi ningejua nisingesema lile neno."

"Nimekukasirikia. Nataka kukupiga na kitu." Akamtazama kwa mshangao, maana hilo lilikuwa jambo geni. "Nimekasirika kabisa."

"Nipige. Hiyo faili ndiyo nyepesi, anza na hiyo."

"Usinichekeshe." Akajifuta pua na kiganja. "Wazee wako bado wanaenda?"

"Wanaondoka kesho saa mbili."

"Wasiende Kulamawe. Waje hapa. Waje mapema, kabla ganzi haijarudi."

Abdiladif akauliza, na safari hii hakuwa na mzaha hata kidogo, "Na ikirudi?"

"Itarudi. Nakwambia ukweli. Kuna siku utaniita macaanto na mimi nitakwambia sawa tu. Kuna siku nyingi hivyo."

"Basi siku hizo nitaleta maziwa, niweke mezani, niende kazini."

"Na mamako?"

"Mamangu anitoe macho. Hiyo ni vita yangu, si ya kikosi." Akasimama, simu tayari mkononi, akitafuta namba ya mjomba. Alipofika kwenye pikipiki alisahau jinsi ya kuiwasha.

Sahra akapita mlango wa nyuma akaingia nyumbani. Mamake alikuwa jikoni anakata nyama ya jioni.

"Hooyo, kesho kuna wageni asubuhi. Wazee, kutoka kwa yule fundi wa maziwa."

Mama akaweka kisu chini. Miaka miwili alikuwa amemtazama binti huyu akiingia na kutoka kama mpangaji, na hakujua amshike wapi.

"Unamtaka?" akauliza.

Sahra akajipekua tena, bila haraka. Furaha hakuiona. Kilichokuwepo ni kitu kidogo kinachochoma chini ya mbavu, na alikijua, kwa sababu alikuwa amekikimbia siku zote hizo.

"Sijui, hooyo. Lakini nikimkosa itaniuma."

Mamake akamvuta akamshikilia, na mikono yake ya nyama hivyo hivyo, hakumwachilia mpaka adhana ikaisha. Kisha akamwambia aloweke mchele, na ule wa kabatini usipotosha, atume mtu dukani, maana wazee wa Kiwanjani wanakula.