Kapita Hakuungua

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukata majani, Eulalie alichungulia kwanza jikoni. Huko, kando ya mafiga yenye joto, walilala simbiliki wake, wanyama wadogo wasio na mkia ambao katika majiko ya mtaa wa Kadutu hawakosekani. Waliposikia mlango ukilia, walianza kelele zao, "Wiii! Wiii!", kana kwamba hawajala tangu dunia iumbwe.

"Mulikula jana, walafi ninyi!" Eulalie aliwacheka, kisha akachukua kikapu chake na kushuka kilima.

Ilikuwa miaka ile nchi ilipoanza kuitwa Zaire. Shuleni majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, na mwalimu alimwita Nabintu. Lakini nyumbani alikuwa Eulalie tu, na mama yake alilitamka jina hilo kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

Fahari yake kubwa ilikuwa Kapita, dume jekundu lenye kifua kipana. Watoto wa mtaa walikuwa na desturi yao: mwenye dume zuri humwazima mwenzake, na majike yakizaa, mwenye dume hupewa mtoto mmoja. Basi Kapita alisafiri kuliko dereva wa lori. Likizo kubwa ilipoanza, aliazimwa na Ignace, mvulana wa nyumba ya chini.

Aliporudi, Eulalie alimgeuza huku na huku kwenye mwanga. Juu ya pua palikuwa na upara wa duara, mkavu, wenye magamba meupe. Hasira zikampanda. Akasimama juu ya ngazi za mawe na kupiga kelele, mtaa mzima ukisikia:

"Ignace! Ni weye njo uliacha Kapita aungue ku moto! Mutu anakuazima dume yake, unaichoma?"

"Miye? Hata!" Ignace alijitetea. "Kwetu banalala mu kisanduku, mbali na moto."

"Muongo!"

Na watu walimwamini Eulalie. Simbiliki hulala karibu mno na makaa, na kila mama wa Kadutu anajua kwamba cheche ikiruka, manyoya huondoka. Eulalie naye akafanya kama alivyoona wakubwa wakifanya: akachovya unyoya wa kuku katika mafuta ya mawese, akampaka Kapita puani. Kwa kuwa hakuwa mchoyo, akaupitisha unyoya uleule kwa wengine wote, ili nao wang'are kidogo.

Muda si mrefu, upara ukatokea kwenye sikio la huyu na mgongoni mwa yule. Kisha mkononi mwa Eulalie mwenyewe ikatokea duara nyekundu yenye kuwasha. Alivaa shati la mikono mirefu, akanyamaza. Lakini kichwa cha mtoto mchanga hakivalishwi shati. Siku moja mama yake, Maman Adolphine, alipokuwa akimwosha kitindamimba Floribert, aliona duara kama hiyo juu ya sikio, nywele zimekatika.

"Eulalie! Hii iko nini ku kichwa ya mutoto? Hizi nyama zako, hizi simbiliki, njo zinaleta bugonjwa mu nyumba yangu! Masomo ikianza na hazijapona, nitazichinja zote, na ile Kapita njo ya kwanza!"

Maman Adolphine hakuwa mtu wa kutishia bure. Eulalie alikwenda jikoni, akamkumbatia Kapita, akalia mpaka shati likalowa.

Jumamosi akaja Tonton Télesphore, kaka wa mama yake, aliyefanya kazi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti. Kazi yake ilikuwa kuwatunza simbiliki wa maabara. Hata kiti hakupewa. Eulalie alimvuta moja kwa moja mpaka uani.

Tonton alimshika Kapita juani, akayapuliza manyoya yake.

"Nani alisema hii ni moto?"

"Kila mutu, Tonton. Nikamupaka mafuta na unyoya, yeye na wengine, lakini haikupona."

"Angalia vizuri. Kidonda ya moto inabaki pale iliungua. Hii inapanuka. Iko muviringo, iko na magamba, nywele zinakatika, na inapenda kuanza ku pua, ku macho na ku masikio. Anajikuna sana?"

"Kidogo tu."

"Basi haiko upele. Upele ingemukunisha mpaka anaanguka. Hii ni choa. Inaletwa na kuvu, ndugu ya ile inaota ku mukate wakati wa mvua. Inapenda giza, inapenda majimaji. Na mafuta haiiui. Ule unyoya ulipitisha kwa wote?"

Eulalie alitikisa kichwa kukubali.

"Basi, mutoto wangu, ulilima na ukapanda!" Tonton alicheka, kisha akawa mkali kidogo. "Sasa niambie, nani alianza?"

Eulalie akatazama chini. Alijua. Jike lake jeupe, lililonunuliwa sokoni kabla ya likizo, lilikuwa na upara karibu na jicho kabla Kapita hajakanyaga kwa Ignace. Aliukumbuka siku ileile aliyomtukana mwenzake, lakini alikuwa amekwisha kupiga kelele mbele ya mtaa mzima. Angemezaje maneno yake?

"Ukinyamaza," Tonton alisema taratibu, "tutaponya hawa, na bugonjwa itabaki kule ilipelekwa. Kesho itarudi."

Eulalie akamtazama Kapita. Kisha akakunja shati, akaonyesha mkono wake, akasema yote: jike jeupe, unyoya, na uongo.

Jioni hiyohiyo alisimama tena juu ya ngazi. "Mutaa wote musikie! Ignace hakuchoma Kapita! Bugonjwa ilitoka kwetu, na ni miye niliipeleka kwake! Ignace, unisamehe!"

Mlango wa nyumba ya chini ukafunguka, na Ignace akatoka na kisanduku chake. Simbiliki wake walikuwa na vipara vilevile. Alikuwa amewaficha kwa kuogopa kuitwa mchomaji mara ya pili.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini utanisaidia kufagia."

Kazi ikaanza. Wagonjwa walitengwa na wazima. Majani ya zamani yalichomwa, sakafu ya jiko ikakwanguliwa na kuoshwa kwa maji ya moto, visanduku vikaanikwa juani. Tonton aliwafundisha kupunguza manyoya kuzunguka kila upara na kupaka teinture d'iode, dawa ya kahawia ya vidonda, iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa, bila kugusa macho, pamba mpya kwa kila mnyama. Baada ya hapo, mikono kwa sabuni, tena na tena. Eulalie na Floribert walipelekwa dispensari, wakapewa dawa zao za watu.

Baada ya wiki kadhaa, manyoya membamba yakaanza kuota. Ignace alitaka kutupa chupa ya dawa.

"Tonton alisema tusiache nywele zikianza kutoka," Eulalie alikataa. "Kuvu ingali imejificha chini." Wakaendelea kupaka, hata vidole vikawa vya kahawia na wenzao wakawacheka.

Jumapili ya mwisho ya likizo, uwanja wa Maman Adolphine ulijaa. Watoto wa mtaa walileta simbiliki katika mabeseni, vikapu na hata kofia, maana wengi walikuwa wamegundua vipara kwao na kufuata dawa ileile. Tonton aliwapuliza mmoja mmoja juani. "Muzima. Muzima. Huyu naye muzima." Akafika kwa Kapita. Kabla hajamgusa, Maman Adolphine alimnyakua, akamkagua pua, macho, masikio, mgongo, tumbo.

"Hakuna kitu," mama alisema mwishowe. "Zitabaki!"

Watoto walipiga vigelegele mpaka simbiliki wakajificha. Eulalie aliruka, akamkumbatia Ignace, akamkumbatia mama, akamkumbatia hata Tonton. Furaha ilimjaa tele.

Maman Adolphine alingoja kelele zitulie. Akamrudishia Eulalie Kapita wake mikononi, akamshika binti yake kidevu.

"Sikia, Eulalie, na ninyi wote. Dawa ilikuwa mu chupa siku zote, lakini haingeponya hata moja kama hukufungua kinywa. Ukiona kitu ku mwili yako ao ku nyama yako, sema siku ileile, hata kama kosa iko yako. Kugonjwa haiko haya. Kuficha njo haya."