Unga wa Mwisho wa Siku

Mashine ya kusaga nafaka ya Baba Chiriku ilianza kunguruma asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Ilikuwa ndani ya kibanda cha bati kando ya barabara, karibu na nyumbani kwake. Wateja walipanga ndoo zao mstari mmoja, kisha wakakaa kivulini kupiga soga. Ndoo hazikugombania foleni. Wenye ndoo ndio waliogombana, na Baba Chiriku aliwatania mpaka wakacheka. Jioni alitoka humo akiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Ungemwona ungedhani amezeeka kwa siku moja.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka miwili na nusu. Walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliongea na paka wa jirani, aliongea na ndoo, aliongea na kijiko chake mpaka uji ukapoa. Kila jioni alimkimbilia baba yake na kumrukia, na wote wawili wakawa weupe. Mama Chiriku, ambaye alikuwa fundi cherehani, alilalamika kwamba nguo zinaharibika, lakini alilalamika huku akicheka.

Katika nyumba hiyo, mume na mke hawakula nyama wala samaki. Hawakula mayai, maziwa wala asali. Waliamua hivyo walipooana. Walikula nafaka, maharage, mboga, matunda na karanga. Majirani waliwatania kwamba siku moja wataota majani masikioni. Baba Chiriku aliwajibu kwamba yakiota atayachuma awauzie. Alijivunia chakula chake. Alizoea kusema kwamba kinachotoka ardhini hakiwezi kumdhuru mtu. Bibi, mama yake mzazi aliyeishi nao, aliguna tu. Yeye nyama yake alikuwa akiifuata kwa dada yake kila Jumapili.

Chiriku alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, Bibi alimlambisha karanga za kusagwa kwenye ncha ya kijiko. Kabla Bibi hajakiosha kijiko hicho, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na mwili umejaa vipele. Walimkimbiza hospitali. Daktari alimpima, akasema ana mzio wa karanga, yale mambo ambayo wengi huyaita aleji. Asile karanga hata chembe. Siku hiyo hiyo Mama Chiriku alizitoa karanga zote nyumbani. Alisugua sufuria, miiko na rafu. Kinu akampa jirani.

Wakadhani yamekwisha. Wapi! Ilipita wiki nzima Chiriku akipiga domo kama kawaida. Halafu asubuhi moja vipele vikamtoka, akakohoa na kutapika uji wote. Mama yake akahisi ni maharage, akayaondoa. Vipele vikarudi. Akaondoa dengu, kisha soya, kisha ufuta. Kila kitu alikiondoa kwa hofu, bila kumuuliza mtaalamu. Mwishowe mtoto alibaki na uji, viazi, ndizi na mboga kidogo. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito wake ulilala, kisha ukaanza kushuka. Na Chiriku akaanza kunyamaza. Hapo ndipo wazazi wake walipoogopa kwelikweli.

Wakati wote huo Baba Chiriku alifanya alichokijua. Alimnunulia mwanawe ulezi na mtama mzuri kuliko wote sokoni. Aliupeta, akauosha, akauanika, akautoa takataka punje kwa punje. Kisha akausaga kwa mikono yake mwenyewe, wateja wakishaondoka. Aliamini kwamba mashine ikifanya kazi mchana kutwa hupata moto, na unga unaotoka mwisho huwa laini kuliko wote. Kwa hiyo unga wa mwisho wa siku ulikuwa wa Chiriku. Hakumruhusu mtu mwingine kuugusa.

Asubuhi moja alileta unga mpya, ukapikwa uji. Chiriku alikula vijiko vitatu. Cha nne hakukimaliza. Midomo ilivimba, sauti ikakauka, na kifua kikaanza kutoa mluzi kila alipovuta pumzi. Mama yake alimbeba akatoka pekupeku. Baba yake aliizima mashine nafaka ya mteja ikiwa nusu humo ndani, akawafuata mbio.

Hospitalini muuguzi alimchoma mtoto sindano pajani. Baba Chiriku alisimama ukutani akikitazama kile kifua kidogo. Kilipanda na kushuka kwa tabu. Alihesabu pumzi. Dakika chache baadaye mluzi ulipungua, kisha ukaisha, na Chiriku akafumbua macho akauliza kijiko chake kiko wapi. Baba mtu alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Daktari alisema wamewahi. Aliwapa sindano ya dharura ya kukaa nayo nyumbani na akawafundisha kuitumia. Mtoto akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, au akilegea, wamchome mara moja kisha wamlete hospitali, hata kama ameonekana kupata nafuu. Wasisubiri kuona itakuwaje. Baada ya hapo aliwapeleka chumba cha pili, kwa mtaalamu wa lishe.

Mtaalamu huyo alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu wote walimwita Dada Lishe. Bibi alikuwa amefika, na alianza yeye. Alisema mtoto anakosa damu kwa sababu ya majani ya wazazi wake, na apewe mchuzi wa nyama leo leo. Baba Chiriku aliinamisha kichwa. Hicho ndicho alichokiogopa tangu mwanzo. Aliogopa kuambiwa kwamba ni uamuzi wake unaomuua mwanawe.

Dada Lishe hakumgombeza yeyote. Alimwambia Bibi kwamba hata mtoto anayekula nyama hupata mzio wa karanga, na nyama haiuondoi. Halafu akawageukia wazazi. "Njia yenu inawezekana," alisema, "lakini inataka macho. Mtoto hakui kwa uji na ndizi. Mmemwondolea maharage, dengu na soya bila kupima. Hivyo ndivyo vilivyokuwa nyama yake."

Alimpa Mama Chiriku daftari. Aandike kila anachokula mtoto, saa ngapi, nani amepika, na nini kimetokea baadaye. Aandike pia siku zilizopita anazozikumbuka vizuri. Kuhusu uji, alisema, usipikwe tena ule unga mpaka wajue kinachoendelea.

Wiki mbili baadaye Dada Lishe alikuja nyumbani kwao, akalisoma daftari akiwa amekaa kando ya cherehani. Alisoma mara mbili. Tangu unga uache kupikwa, hakukuwa na kipele hata kimoja. Na huko nyuma, kila asubuhi mbaya ilikuja Baba Chiriku alipoleta unga mpya.

"Unga huu unasagwa wapi?" aliuliza.

Baba Chiriku alijibu kwa fahari kidogo. Anausaga mwenyewe. Ulezi na mtama mtupu. Mashine huisafisha kwa brashi kila jioni.

"Twende ukanionyeshe," alisema Dada Lishe.

Kibandani hapakuwa na mteja. Dada Lishe alitoa kitambaa cheupe mkobani. Alimwomba Baba Chiriku aisafishe mashine kama anavyoisafisha siku zote. Akaisafisha. Kisha akamwomba aifungue, apitishe kitambaa hicho ndani, kule kwenye chujio. Alikipitisha, akakitoa. Kilikuwa na doa la kahawia lililong'aa mafuta. Alikinusa. Zilikuwa karanga.

Alizijua. Ndoo nyingi za wateja zilikuwa na nafaka za unga wa lishe, mahindi, ulezi na soya, na juu yake karanga za kukaanga. Alizisaga kutwa. Lakini zilikuwa karanga za watu, kwenye ndoo za watu. Hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba baadhi yake zinabaki ndani ya mashine zikimsubiri mwanawe. Unga wa mwisho wa siku ulikuwa umekomba mabaki ya siku nzima.

Jua la alasiri lilikuwa linapenya kwenye tundu la msumari, juu batini. Dada Lishe alimwonyesha mstari ule wa mwanga. Ndani yake vumbi lilikuwa linaelea, chembe elfu na elfu, zikipanda na kushuka polepole. Baba Chiriku alikuwa amefanya kazi humo miaka tisa. Alikuwa amelivuta vumbi hilo, amelifuta, amelikung'uta. Siku hiyo alilitazama kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, akasahau hata kufumba mdomo.

"Mimi na wewe tunaliona kwa sababu jua limetuonyesha," alisema Dada Lishe. "Mwili wa mwanao unalitambua hata usiku, hata likiwa ndani ya uji. Mwilini mna walinzi. Walinzi wake wamekosea, karanga si adui. Lakini macho yao, Baba Chiriku, hakuna mashine yenye macho kama hayo."

Baba Chiriku alikaa chini juu ya gunia. Aliwaza jinsi mwili mdogo namna ile, wa kubebwa kwa mkono mmoja, ulivyokuwa ukiwaambia ukweli asubuhi baada ya asubuhi. Wao walikuwa wakiulaumu kwa maharage. Halafu akaitazama nguo yake nyeupe, akakumbuka jinsi Chiriku anavyomrukia kila jioni. Aliuliza kwa sauti ya chini kama na hilo pia lina hatari. Dada Lishe alisema ndiyo. Vumbi la nguoni na mikononi linaweza kumfika mtoto mdomoni.

Basi wakabadilisha mambo. Unga wa Chiriku haukuingia tena kwenye ile mashine, kwa maana hakuna brashi wala nafaka ya kupitisha kwanza inayoweza kuitakasa. Walinunua mashine ndogo mpya ya kuzungusha kwa mkono. Ikawekwa nyumbani, na karanga hazikuijua. Bibi ndiye aliyeshika mpini wake. Alisema yeye ndiye aliyelianza jambo hili kwa kijiko, acha alimalize kwa mkono. Alisaga ulezi huku Chiriku akimsimulia habari za paka, na hakukubali kupokewa.

Chakula nacho kikarudi. Hakikurudi kiholela. Daktari alimpima mtoto, akaruhusu kitu kimoja kimoja, mwanzo kikijaribiwa hospitalini. Maharage yakapita. Dengu zikapita. Soya ikapita. Ufuta haukupita, kumbe nao ulimletea mzio, ukabaki nje. Dada Lishe alimfundisha Mama Chiriku kumwekea mtoto mafuta kidogo kwenye chakula ili apate nguvu, kumpa chungwa pamoja na maharage ili damu ipate madini ya chuma, na kupikia chumvi yenye madini joto. Alimwandikia maziwa ya soya yaliyoongezewa vitamini na madini. Na alisisitiza jambo moja ambalo Baba Chiriku hakuwa akilijua. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Asiyekula chochote cha mnyama lazima aipate kwa dawa, na mtoto alipewa ya matone. Wazazi nao wakaanza kumeza vidonge vyao. Baba Chiriku aliacha kusema kwamba kinachotoka ardhini hakidhuru. Sasa alisema kinatakiwa kujulikana.

Majirani waliombwa wasimpe Chiriku chochote cha kula bila kuuliza. Mfuko wa sindano ya dharura ulining'inizwa mlangoni, mahali ambapo mtoto hafiki na mkubwa haukosi.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa dogo. Jioni ya kwanza Baba Chiriku alirudi, na mwanawe akamkimbilia mikono wazi. Baba alirudi nyuma, akainua kiganja kumzuia. Chiriku alisimama, akamtazama kwa mshangao, kisha akaangua kilio. Baba yake alienda bafuni nyuma ya nyumba, akaoga huku naye akilia. Alipotoka amevaa nguo safi, mtoto alikuwa amenuna, hamtaki.

Miezi sita ikapita. Kwenye kadi ya kliniki mstari ulinyanyuka, ukapanda mpaka Dada Lishe akavua miwani na kuifuta. Chiriku alikuwa anaongea na watu wote, foleni nzima ya kliniki. Hapakuwa na asubuhi mbaya hata moja tangu siku ile ya kitambaa.

Jioni hiyo Baba Chiriku alirudi kutoka kazini akiwa mweupe kama siku zote. Alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kuoga. Mlangoni mwa bafu alimkuta Chiriku amesimama mbali kidogo, mahali palepale alipofundishwa kusimama, na sabuni ameiweka tayari juu ya jiwe. Alikuwa amekwisha kuanza maneno. Baba aoge. Na nywele. Na masikio. Karanga zikae huko huko.

Baba Chiriku aliingia akaoga, na nywele, na masikio. Alitoka na nguo safi, akachuchumaa, akanyoosha mikono yake miwili. Chiriku aliishika, akaigeuza upande huu na upande ule, akainusa, akaikagua kidole kwa kidole. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa kimya kabisa. Baba yake naye alitulia, akamtazama kwa heshima, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.

"Safi," alisema Chiriku, kisha akamrukia.