Mupepo Mubaya

Dunia aliumwa akiwa majini tu. Akishuka nchi kavu pale Bukama, akikaa kidogo kwenye upepo wa ukingoni, kichwa kinaachia na uso unachangamka. Akirudi ndani ya boti ya baba yake, kabla hawajafika mbali, yanaanza tena: kichwa, kizunguzungu, kutapika. Na majini, kwa vile lugha yetu inapenda kututisha, ni neno moja kwa mahali penye maji na kwa wale wasioonekana.

Kwao ni Kamina, kwa wafanyabiashara wenye asili ya Maniema, ambako baba yake Zuberi anajulikana kwa samaki wakavu wa Kinkondja. Walikuwa wakipanda treni hadi Bukama, kisha wanateremka Lualaba kwa boti yao ya mbao. Mama yake, Asma, alipika na kuuza huko mbele, penye hewa. Dunia, msichana mwenye haya na aliyekwisha kuposwa, alipenda kujifungia kwenye chumba kidogo cha nyuma, kilichopakana na moteri, injini ya boti, akishona mashuka ya ndoa yake. Siku moja alimwambia mama yake kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu anapumua nyuma ya ukuta. Asma alikwenda kutazama, akaona moteri peke yake.

Fundi wa moteri alikuwa Kabange, Mkatoliki wa kijiji kimoja karibu na Kamina. Alikuwa amesikia habari za watu waliolala na jenereta ndani ya boti wasiamke, akatoka Lubumbashi na kidude cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, akakipigilia juu ya kitanda cha Dunia.

“Papa Zuberi, hii inalia kama mupepo mubaya inaingia,” alisema. “Ikilia, mutoke mbio.”

Kabange alikuwa anasema hewa. Kwao mupepo ni ule unaopeperusha makapi ya mahindi, na mubaya ni ule uliochafuliwa na moteri au na makala, yaani makaa ya kupikia, usioonekana, usio na harufu, unaomaliza mtu usingizini. Kwa Asma, mupepo lilikuwa jina la kile kilichompanda bibi yake kichwani mpaka akaenda nacho kaburini. Hakuna aliyeuliza maana, kwa sababu kila mmoja aliamini ameelewa. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Safari iliyofuata kidude kililia, mlio mwembamba wa kukatakata unaoingia mpaka kwenye meno. Wakamtoa Dunia mbio, analegea, na nje akapata nafuu. Walipofika Bukama, Kabange alipapasa bomba la moshi la moteri, akawaonyesha ufa. Alisema mupepo inapitia pale, asilale mtu humo mpaka alete bomba lingine. Halafu akaenda kulitafuta.

Asma alibaki akiutazama ule ufa. Sasa alikuwa amekiona hata kijia cha mupepo kupitia. Hofu yake haikuwa ya boti. Aliogopa kwamba kitu hicho kingemfuata mwanawe hadi Kamina, kiingie naye kwa mume, kimle taratibu kama kilivyomla bibi. Akamwita mwalimu Kiza, mganga wa majini aliyeheshimika, mtu mpole asiye na tamaa. Mwalimu alisema jini hutolewa palepale alipoingilia. Zuberi, aliyekuwa anatoka kwenda sokoni, hakusema ndiyo wala hapana, na mkewe akachukua ule ukimya kuwa ruhusa.

Mvua ilikuwa inanyesha mchana ule, boti imefungwa ukingoni, moteri imezimwa. Mwalimu aliingiza kwenye kile chumba cha nyuma mbabula, jiko kubwa lililojaa makala ya moto, akatupia ubani, akamkalisha Dunia mbele yake na kumfunika blanketi zito, yeye na ule moto pamoja. Akaziba kila upenyo wa ukutani kwa matambara. Kabla ya kufunga alimwambia Asma aushikilie mlango kwa nje.

“Mama Dunia, atakuita na sauti ya mutoto yako,” alinong'ona. “Usifungule. Ukifungula, atamurudilia, na hatatoka tena.”

Asma akauegemea mlango. Harufu ya ubani ilipenya kwenye mbao, kisha joto, kisha sauti ya mwalimu akisoma, na haukupita muda kidude kikaanza kulia, na Asma, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajameza kitu kwa woga, alifurahi, nasema alifurahi kabisa, kwa sababu kwake huo ulikuwa mlio wa adui anayeng'olewa, na kadiri kilivyolia ndivyo alivyozidi kuukandamiza mlango kwa mgongo, huku mvua inampiga usoni na sauti ya mwalimu huko ndani inaanza kukokota maneno, inaruka mengine, inapotea, mpaka ukabaki mlio peke yake na kitu kinachojikokota sakafuni kuelekea kwake.

“Mama,” ikasema sauti ya Dunia, chini sana, karibu na miguu yake. “Fungula. Sisikie miguu.”

Asma alilia. Mikono ilikwisha kuligusa komeo, akairudisha.

“Weye hauko mutoto yangu,” alisema.

Sauti iliita tena, ikiwa ndogo zaidi, kisha haikuita. Asma akasubiri kidude kinyamaze. Hakikunyamaza. Akajiuliza kwa nini kinaendelea kulia ikiwa yule ametoka.

Kabange aliusikia mlio akiwa bado ukingoni, bomba jipya begani. Alilitupa kwenye matope, akakimbia, akamvuta Asma kwa nguvu na kufungua. Dunia alikuwa ameegemea mlango. Alianguka juu ya miguu ya mama yake, midomo imeiva wekundu kama ya mtu mwenye afya. Mwalimu Kiza alitolewa akiwa bado ana pumzi. Dunia hakuwa nayo.

“Ile njo hewa, mama,” Kabange alisema, amepiga magoti mvuani. “Hewa tu.”

Walimzika Kamina. Baada ya matanga Asma aliung'oa mlango wa nyumba yake, akaugawa. Zuberi akatengeneza mwingine, nao akaung'oa. Mvua ikawa inaingia mpaka sebuleni. Kila iliponyesha mchana alisema anasikia mtoto anaita uani afunguliwe, naye anamjibu, “Iko wazi, mwana. Ingia.” Zuberi aliuona huo kuwa uchungu tu, maana hata yeye alikuwa nao, na alimwacha.

Mpaka mchana mmoja wa mvua, wamekaa wote wawili wakitazama uani, sauti ikatoka ndani, nyuma yao, chumbani alikokuwa akilala Dunia. Zuberi aliisikia. Alimshika mkewe mkono na hakuweza kugeuka.

“Mama, funga,” ilisema. “Miye niko na baridi.”

Asma akautoa mkono wake taratibu. Akaenda pale penye uwazi wa mlango, akanyoosha mikono huku na huku, akauziba kwa mwili wake mpaka mvua ilipokwisha.