Alama Iliyofungwa Kabla ya Jina

Ukurasa wa thelathini na moja ulifunguka bila kusita, na hapo ndipo Fundi alipopaswa kushtuka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, chai inapoa pembeni ya kompyuta. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na kazi waliyoifanya yeye na kaka yake ilikuwa moja: kuchukua vitabu vikuukuu vya watu, kuvipiga picha, kuvichapa upya na kuvihifadhi kwenye kompyuta kabla havijaoza. Kaka ndiye aliyechapa. Watu walimwita Mtulivu, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata siku aliyoangukiwa na kabati. Fundi ndiye aliyeandika programu ya kusoma kazi ya kaka yake na kuipanga ukurasa kwa ukurasa.

Programu hiyo ilikuwa fahari yake. Katika maandishi ya namna ile, kila kitu hukaa kati ya alama mbili kama mabano, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Mchapaji akisahau kufunga, programu nyingine hugoma kabisa. Ya Fundi haikujua kugoma. Ikikuta alama iliyoachwa wazi, ilikisia mahali pa kuifunga, ikaifunga yenyewe. Ikikuta alama ya kufunga isiyo na mwenzake, iliifuta. Kisha ikasonga mbele kana kwamba hakujatokea kitu.

Asubuhi ile ilitoa taarifa ya mistari miwili. Ukurasa 31: alama iliyoachwa wazi, imefungwa. Ukurasa 88: alama ya kufunga isiyo na mwenzake, imefutwa.

“Makosa mawili tu kitabu kizima,” Fundi alimtania kaka yake. “Unazeeka vizuri.”

“Sijakosea mimi,” Mtulivu alijibu bila kugeuka. “Nimechapa kama kilivyo, hata alama alizochora mwenye kitabu. Yule dada aliyekileta alisisitiza tusisahihishe chochote.”

“Wateja wote husema hivyo. Ukurasa ukitoka ovyo, wa kwanza kulalamika ni wao.”

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la mganga aliyekwisha kufa. Binti yake, muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili, alilileta likiwa limeliwa na wadudu kiasi kwamba kila karatasi iliyopigwa picha ilivunjika mikononi ikawa unga. Jana yake walikuwa wamefagia unga huo na kuutupa. Iliyobaki ilikuwa nakala.

Fundi alivuta pumzi, akakunja pua. “Nywele zinaungua wapi?”

Vidole vya Mtulivu vilikuwa vimesimama juu ya vitufe. Harufu ilikuwa inatoka kwake, nzito, ya nywele na ya kitu kibichi chini ya nywele, na ndani ya ukuta nyuma yake kucha zilianza kukwaruza, taratibu, kutoka sakafuni kwenda juu, kama kitu kinachopanda ngazi.

“Kaka?”

Mtulivu aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu cha mkono, akaweka vidole viwili vya mkono wa kushoto chini ya kisu kwa uangalifu ule ule anaopangia karatasi, kisha akakishusha.

Fundi alisikia mlio kabla ya kuelewa alichokiona. Vidole vilidondoka sakafuni. Damu iliruka ukutani. Mtulivu alitazama mkono wake, akacheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu wawili.

“Kitinda,” alisema. Ndilo jina alilomwita dada yake tangu utoto, ila sasa lilitoka chini kabisa ya koo. “Miaka arobaini nimelala ndani ya maneno ya yule mzee. Leo umekuja wewe, mtoto mzuri, ukanisahihisha. Nikushukuru kwa lipi?”

Alimrukia. Fundi aliinua kiti, kiti kikapasuka kifuani mwa kaka yake kama kimegonga nguzo, na mkono wenye vidole vitatu ukamkamata shingo, ukamwinua mpaka viatu vikaacha sakafu, ukampigiza ukutani mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, naye akaona giza likija kutoka pembeni mwa macho na damu ya kaka yake ikimwingia mdomoni, ya moto mno kuwa damu ya mtu.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa wifi yake, mke wa Mtulivu, mwenye duka la vioo pale chini.

“Nyinyi mnavunja nini hu...” Aliishia hapo. Kisha, bila kupiga kelele, mwanamke yule alimbeba mume wake kiunoni kwa nyuma kama anavyobeba vioo vyake vizito, akamvuta. Wote watatu walianguka. Mtulivu alimng'ata wifi begani, akanyofoa nyama, akaitema. Papo hapo, chini yao, vioo vyote vya duka vilipasuka kwa mpigo mmoja, na mtaani watu wakaanza kukimbia.

Fundi alipata simu chini ya meza. “Dada,” alimnong'oneza muuguzi, “njoo. Tafadhali njoo sasa hivi.”

“Mmesahihisha,” muuguzi alisema. Halikuwa swali.

Alifika na sare yake ya kazi, amekimbia na mkoba begani na chupa ya maji mkononi. Wakati huo wifi na Fundi walikuwa wamefanikiwa kumfunga Mtulivu kwenye bomba la ukutani kwa nyaya za kompyuta. Alikuwa anajivuta kwa nguvu hata mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika mbele ya macho yao, nao mkono ukaendelea kuvuta.

“Nionyeshe ukurasa,” muuguzi alisema. Alipiga magoti mbele ya kompyuta, damu ikaloweka sare yake. “Usilisome jina lililomo kwa sauti. Baba alifungua alama hapa, ukurasa wa thelathini na moja. Jina la kitu hiki akaliandika chini yake. Alama hiyo hakuifunga mpaka ukurasa wa mwisho, wa themanini na nane, makusudi, ili kitabu kizima kiwe gereza. Nyinyi mmefungia wapi?”

Fundi alitazama. Programu ilikuwa imefunga mwishoni mwa aya, kama ilivyofundishwa, na jina lilikuwa kwenye aya inayofuata.

“Limebaki nje,” alisema. “Na ile alama ya mwisho imefutwa. Niliifundisha mimi.”

“Unaweza kurudisha?”

“Faili aliyochapa kaka ipo. Naondoa ule ukisiaji, isome kama ilivyoandikwa. Dakika chache.”

“Andika basi, lakini nisikilize vizuri.” Muuguzi alimshika kidevu. “Nitakitoa kwanza mwilini mwake. Gereza likifungwa kikiwa bado ndani yake, hata kipande, kitafungiwa humo humo, na hakuna atakayekitoa tena. Usibonyeze mpaka niseme ‘sasa’. Umenisikia?”

“Nimekusikia, dada.”

Muuguzi alimmiminia Mtulivu maji kichwani na kuanza kusema maneno ya baba yake, kwa sauti ya chini, haraka haraka. Maji yalichemka yalipogusa ngozi. Fundi aliandika huku mikono ikiteleza kwa damu, akafuta mstari wa kukisia, akafuta wa kufunga, akakosea, akarudia, na nyuma yake kitu kile kilimwita kwa sauti ya mama yake aliyefariki, kisha kwa sauti ya mwanawe aliyekuwa shuleni saa hiyo, kikalia, kikaomba maji, kikamweleza kwa upole jinsi kitakavyomchuna wifi yake uso kuanzia masikioni, na kompyuta ikawa ya moto kiasi kwamba vitufe vilianza kulainika chini ya vidole vyake.

“Tayari!” alipiga kelele.

“Ngoja!”

Aligeuka. Mdomo wa Mtulivu ulikuwa umefunguka kupita kiasi cha mdomo, taya limetoka mahali pake, na kitu cheusi chenye unyevunyevu kilikuwa kinatoka kooni, kwanza kama nywele, kisha kama mkono, kisha mabega. Macho ya Mtulivu yalikuwa yamegeuka meupe. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakuwa anapumua.

“Anakufa!” wifi alilia. “Mume wangu anakufa! Wifi, fanya kitu!”

“Ngoja!” muuguzi alisema. “Bado. Bado kidogo.”

Kile kitu kilikuwa kimetoka mpaka kiunoni. Miguu ya kaka yake ilitetemeka, ikaacha kutetemeka. Fundi alihesabu pumzi ambazo kaka yake hakuvuta: sita, saba. Ya nane hakuihesabu. Alijiambia kwamba kilichobaki ni kidogo, kwamba kitamalizikia njiani, kwamba hapa panatosha.

Alibonyeza.

Hapakuwa na kishindo. Kile cheusi kilikatika kama uzi, kikavutwa ndani ya kioo cha kompyuta, kioo kikapasuka katikati. Harufu ilikwisha. Mtulivu alianguka mbele, akakohoa, akavuta hewa.

Muuguzi aligeuka polepole. “Sikusema ‘sasa’.”

“Alikuwa anakufa.”

“Sikusema.”

Lakini Mtulivu alikuwa amefumbua macho, na macho yalikuwa yake. Alimtazama mkewe mwenye bega lililochanika, akaanza kulia kama mtoto. “Nani amekuumiza, mke wangu?” aliuliza kwa shida, taya likining'inia. Wifi alimkumbatia, wakalia pamoja kwenye damu. Muuguzi alifungua mkoba wake, akatoa bandeji.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Fundi alikaa kando ya kitanda cha kaka yake hospitalini. Madaktari walikuwa wameunga mkono na kurudisha taya. Mtulivu alikuwa amekula uji kwa mrija, ameuliza kwa mnong'ono habari za kazi, amemtania dada yake kwa macho, kisha amelala. Jua liliingia dirishani. Muuguzi wa zamu alikuwa anacheka na mtu kwenye korido.

Fundi alimtazama alivyolala. Kifua kilipanda, hewa ikaingia. Kisha, kabla hakijashuka, hewa ikaingia tena, nyembamba zaidi, kama ya mwingine aliyengoja zamu yake. Kifua kikashuka. Pumzi moja ikatoka. Fundi alisubiri ya pili, nayo haikutoka.

Wifi alichungulia mlangoni, bega limefungwa, chupa ya chai mkononi.

“Anaendeleaje?” alinong'ona.

Fundi alivuta shuka, akamfunika kaka yake mpaka kidevuni.

“Mzima,” alisema. “Ni mzima kabisa, wifi.”