Ngoma Kando ya Moto

Kazi ya Ciru kila Jumamosi asubuhi ilikuwa kulinda mahindi. Mama yake aliyaanika kwenye turubai mbele ya nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Kitale, kisha akampa fimbo ya kufukuzia kuku. Kazi rahisi hiyo. Shida ni kwamba Ciru alikuwa na macho mawili tu, na yote mawili yalipenda kwenda Mlima Elgon. Akiuona umejifunika ukungu, basi! Alianza kuwaza kwamba kuna watu huko juu wanaoimba ndani ya wingu, na yeye ni mmoja wao.

"Ciru! Kuku wameshiba kutushinda!" mama alipiga kelele.

"Nawaona, mama!" alijibu Ciru, ambaye hakuwa ameona hata mmoja.

Jumamosi hii aliachiliwa mapema, maana ilikuwa siku ya tamasha. Shule yao ilikuwa imealika wanamuziki ili watu wachangie kifaa cha kusikilizia cha Viola, rafiki yake wa dawati moja. Viola aliugua homa kali akiwa mdogo, ikaondoka na sehemu kubwa ya usikivu wake. Alisoma midomo ya watu, na alizungumza kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nyimbo hakuzisikia. Ngoma, ndiyo.

"Naisikia kwa tumbo!" alimwambia Ciru siku Mama Sellah, mpiga ngoma kutoka Bungoma, alipokuja kwa mazoezi. Tangu siku hiyo Viola hakuwa na habari nyingine.

Asubuhi ya tamasha kulikuwa na baridi na manyunyu. Mama Sellah, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla, aliigonga ngoma yake kwa kidole, akakunja uso. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu. Aliwasha moto mdogo wa magunzi ya mahindi nyuma ya ukumbi, akamwita Ciru.

"Mtoto wangu, hii inataka joto, haitaki moto. Uigeuze geuze. Ukiona moto umepanda, unairudisha nyuma. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama Sellah."

"Isiwe ndiyo ya mdomo tu, bana."

Mwanzoni Ciru aliigeuza vizuri. Kisha kwaya ikaanza kujaribu sauti ukumbini. Moshi ulipanda taratibu, ukachanganyika na ukungu, na Ciru akapanda nao. Alijiona amesimama juu ya wingu akiwa na gauni jeupe, Kitale yote iko chini, pamoja na kuku, ikimtazama kimya. Akafungua kinywa aimbe.

Pa!

Upepo ulikuwa umegeuka, moto ukailamba ngoma. Ngozi ilipasuka kutoka ukingoni hadi katikati.

Ciru aliivuta ngoma kutoka motoni. Aliangaza huku na huku; hakuna aliyemwona. Aliifunika ngoma kwa leso ya kujifunga ambayo Mama Sellah aliiacha hapo, akaibeba hadi kwenye kona ya ukumbi, akaiweka kana kwamba ni nzima. Karibu na hapo aliketi Munene, mvulana ambaye kitu chochote kikivunjika shuleni, jina lake hutajwa kwanza. Watadhani ni Munene, Ciru aliwaza, na papo hapo akaona aibu.

Ndipo Viola akaja. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya leso polepole, kama mtu anayemgusa ndama aliyelala.

"Leo na mimi nimo!" alisema, na ukumbi wote ukamsikia.

Ciru hakuweza kuvumilia. Alikimbia hadi kwa Mwalimu Kiplangat na Mama Sellah, waliokuwa wakipanga viti.

"Ni mimi nimepasua ngoma," alisema huku akilia. "Nilikuwa nikiota mchana. Halafu nikaificha. Munene hajaigusa."

"Ati mimi?" Munene alishtuka. "Si hata sijasema kitu!"

Mama Sellah aliifunua leso, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko. Kicheko chake kilikuwa kimekwenda.

"Nimeipiga tangu niolewe," alisema kwa sauti ya chini. Ciru alitamani ardhi immeze.

"Watu hawajaanza kuingia," alisema Mwalimu Kiplangat. "Bado tuna muda. Lakini ngoma nyingine tutaitoa wapi? Na Viola je?"

Munene, kwa kukosa la kufanya, alipanda kiti akaruka hadi jukwaani kwa miguu yote miwili. Du! Jukwaa lilikuwa la mbao, na chini yake patupu. Viola alikuwa sasa ameketi ukingoni mwa jukwaa, amewapa mgongo. Aligeuka ghafla.

Ciru aliliona hilo. Safari hii macho yake hayakuwa mlimani.

"Mwalimu, amesikia! Munene, ruka tena!"

"Niruke?" Munene hakuamini bahati yake. Miaka yote alikuwa akiambiwa aache. Akaruka. Viola aligeuka tena, akacheka, akavua viatu.

Mama Sellah alipanda jukwaani, akawafundisha wanakwaya mapigo ya ngoma yake kwa visigino. Mchana ukumbi ulijaa wazazi, wauzaji wa sokoni na wakulima waliotoka mbali kama Endebess. Viola aliketi jukwaani miguu mitupu, viganja vyake juu ya mbao. Kwaya iliimba na kukanyaga, nao watazamaji wakakanyaga pia, mpaka madirisha yakatetemeka. Viola alifumba macho akawa anayumbayumba. Ciru alikanyaga kwa nguvu zake zote. Aliona kwamba hapa ni pazuri kuliko juu ya wingu, kwa sababu Viola alikuwapo.

Michango ilitosha kununua kifaa cha sikio moja. Kwa ajili ya la pili, watu wa Bungoma waliahidi kuandaa tamasha lao.

Lakini ngoma ilikuwa bado imepasuka. Likizo ilipofika, Ciru, mama yake na Viola walikwenda Bungoma kwa Mama Sellah, wakiwa na ngozi ya mbuzi. Waliiloweka, wakaiwamba pamoja, na Ciru akavuta kamba mpaka viganja vikamuuma. Ilipokauka, Mama Sellah aliwasha moto wa magunzi.

"Ciru! Njoo uiangalie."

"Mimi tena?"

"Wewe. Siku ile ulizubaa, na hilo lilikuwa kosa. Lakini ulikuja kuniambia mapema, ndiyo maana tulipata nafasi ya kutengeneza mambo. Ungenyamaza, tungegundua mbele ya watu, Viola angekosa tamasha lake, na Munene angelaumiwa bure. Kuota si vibaya, mwanangu. Ila ukipewa kazi, imalize kwanza. Na ukikosea, sema."

Ciru aliketi, akaigeuza ngoma, akairudisha nyuma, akaigeuza tena. Wingu zuri lilipita juu ya mji, na hakulifuata.

Mama Sellah alipoichukua, Viola aliweka mkono tumboni kama alivyozoea. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kifaa alichovalishwa juzi tu. Ngoma ikalia. Mkono wa Viola uliondoka tumboni, ukapanda polepole hadi sikioni.

"Ciru," alisema, na kwa mara ya kwanza alinong'ona, asije akaizidi ngoma. "Kumbe ina sauti."